Okestra Ilipomleta Babu Ukutani

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu. Kazi nimestaafu, hasira sijastaafu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba mambo nitakayoyasimulia ndiyo yaliyoniharibu. Nilikuwa hivi hivi tangu nikiwa na meno yote, waulizeni niliowafundisha.

Siku moja nimekaa uani kwangu, Butimba, napepeta mchele, akaingia mwenyekiti wa kamati. Nikamuuliza, kamati ya nini tena? Akasema ya onyesho kubwa la muziki. Okestra inakuja Mwanza kutoka Ulaya, na fidla zao na matarumbeta yao, itapiga muziki wa Kizungu wa zamani, na wakati huohuo ukutani zitaonyeshwa picha za zamani za Mwanza na pwani ya ziwa, zilizopigwa enzi za mkoloni. "Ili wananchi waguswe na historia yao, Mwalimu," akasema. Alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu na jua la saa saba linachoma hadi kuku wamejificha. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka shingoni, lakini koti havui. Mtu wa kuguswa na historia havui koti.

Alitaka nimtafsirie ratiba ya muziki pamoja na maelezo ya picha. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Sitadanganya: mkononi alikuwa na kadi ya mwaliko yenye maandishi ya dhahabu, kiti cha mstari wa pili, nyuma kidogo tu ya mgeni rasmi. Miaka thelathini na kitu nimefundisha ngeli za nomino kwenye madarasa yasiyo na vioo, hakuna aliyewahi kuniwekea kiti mbele ya chochote. Kadi niliipokea kwa mikono miwili.

Ugomvi ulianzia kwa yule bwana anayesimama mbele ya wapigaji akirusharusha kijiti. Mimi niliandika "kiongozi wa okestra." Mwenyekiti akakata kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu, kwangu mimi!

"Mwalimu, kiongozi ni mgeni rasmi. Hatuwezi kuwa na viongozi wawili kwenye ukumbi mmoja. Protokali."

Akaandika "kondakta." Nikamwambia, Mwenyekiti, nchi hii yote kondakta ni yule anayening'inia mlangoni akidai nauli. Akasema watu wataelewa kutokana na muktadha. Haya. Na zile sehemu za muziki, ambazo nyingine huenda haraka na nyingine taratibu, aliamua ziitwe "mwendo." Kwa hiyo ratiba ikachapwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa: kondakta ataanza na mwendo wa kasi, mwendo wa pili utakuwa wa polepole, na mwendo wa tatu kasi tena hadi mwisho. Nikamwambia watu watauliza gari lenyewe linakwenda wapi, Sengerema au Magu. Akacheka sana, akadhani namsifu.

Kisha akanitumia picha kwenye simu. Kila picha ilikuja mara mbili, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa sababu aliyezipiga zamani zile alikuwa na tabia ya kuandika nyuma yake kwa penseli. Nilikuwa nazipitia kwa uvivu, mtumbwi huu, soko lile, nikafika kwenye picha ya wanaume sita wamesimama bandarini mbele ya marobota ya pamba. Nikageuza nyuma. Majina sita, kwa mwandiko wa Mzungu, kila jina limevunjwavunjwa viungo lakini linasomeka. La nne lilikuwa la babu yangu. Jina lake, jina la baba yake, na kijiji chetu cha upande wa Magu.

Niliiweka simu juu ya ungo wa mchele.

Babu huyo, baba yake mama, hakuna aliyebaki duniani ambaye amemwona. Alikuwa mchukuzi wa marobota bandarini. Siku moja aliteleza kwenye ubao wa kupandia melini, robota likiwa mgongoni, wakaenda majini yeye na pamba yake. Mama alikuwa tumboni, miezi mitatu. Hakuachiwa picha wala shati. Alichoachiwa ni neno moja tu la bibi: "Hilo paji la uso ni la baba yako." Basi mama amezeeka na paji la mtu asiyemjua, miaka themanini na ushee. Tukiwa wadogo tulimkuta mara nyingi akijitazama kwenye ndoo ya maji kabla hajayachota, na tulikuwa tunamcheka kwamba anajipenda.

Nikaenda kwa mwenyekiti mbio. Nikamwambia picha ile iandikwe majina yote sita, yapo, mtu aliyaandika. Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mwalimu, kila picha maneno yasizidi sita. Mpangilio wa ukutani ndivyo ulivyo. Na watu wanakuja kusikiliza muziki, hawaji kuitwa majina kama darasani."

Hapo ndipo mtu mwenye hasira zake angepiga meza. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika: "Wachukuzi wa pamba, bandari ya Mwanza." Hesabu, ni maneno sita. Niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu kile kiti cha mstari wa pili nilikuwa nakitaka.

Nilimpelekea mama ile picha kwenye simu, kwake huko Magu. Macho yake yana mtoto wa jicho, na anavyosema mwenyewe, anaona ng'ombe lakini haoni kupe. Akaishika simu, akaisogeza, akaiinamisha, akanirudishia.

"Sioni mtu hapa. Naona kunguni wamepanga mstari. Huko ukutani atakuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama mlango, mama. Pengine kuzidi."

"Basi nitamwona."

Akauliza atakaa muda gani huko ukutani. Nikampigia mwenyekiti, akasema kila picha ni nusu dakika. Mama akafikiri kidogo, akasema nusu dakika inatosha watu kuonana.

Alikuja Mwanza siku mbili kabla. Kitenge kipya, kilemba kipya, viatu ambavyo alivivaa ndani ya nyumba ili vizoeane na miguu. Kwa siku mbili hizo hakuzungumzia jambo lingine. Aliniuliza kama baba yake alikuwa mrefu kuliko wenzake, kama ana ndevu, kama amevaa viatu. Nilimjibu kutokana na vile vikunguni vya kwenye simu, na pale nisipoona nilitunga.

Siku ikafika. Mama nilikuwa nimemwombea kiti kando ya changu. Ukumbi wenyewe upo kando ya ziwa, na upande mzima ni madirisha, ukikaa ndani unaona maji na mawe na kozi wakizunguka juu. Sasa onyesho lilikuwa la saa tisa alasiri, na picha ukutani hazionekani penye mwanga. Kamati ikaja na akili yake: wakafunika madirisha yote kwa maturubai. Yaani ziwa zima, Nyanza lote hilo alilotupa Mungu, likafungiwa nje ili tukae gizani tutazame picha ya ziwa. Makubwa haya! Na joto? Tulikuwa tunaiva. Zile ratiba zangu za karatasi inayong'aa ndipo nilipoona faida yake, maana kila mtu alijipepea nazo.

Mgeni rasmi alichelewa kwa muda ambao ng'ombe angeweza kuzaa na ndama akasimama. Alipofika alitoa hotuba kuhusu umuhimu wa kutunza muda, kwamba wenzetu wa Ulaya wameendelea kwa sababu ya kutunza muda. Tukapiga makofi. Kisha mshereheshaji akatangaza kwa sauti ya kujaza ukumbi mzima: "Sasa namkaribisha kondakta!" Kicheko kilichopasuka hapo! Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa nguvu, "Nashuka stendi, nina elfu kumi, chenji yangu usiisahau." Yule Mzungu maskini akainama na kushukuru, akijua tumefurahi kumwona. Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

Wakaanza. Nitakuwa mkweli, walikuwa wanajua kazi yao. Ule mwendo wa kasi ulinipata mwilini hata nikasahau joto. Ulipokoma tukafanya anachofanya binadamu, tukapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele hadi maturubai yakatikisika. Kumbe tumekosea. Mwenyekiti akarukia kipaza sauti: "Ndugu zangu, ustaarabu! Katika muziki huu hatupigi makofi katikati. Wala hatuongei. Tunasubiri mpaka mwisho kabisa." Kwetu sisi mtu akikufanyia jambo zuri ukamkodolea macho kimya, wewe ndiye huna ustaarabu. Lakini tulitii, tumefundishwa kutii kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Aliyevunja kimya ni simu ya mgeni rasmi, na aliipokea. "Nipo kwenye kikao," alisema, na fidla zikamsubiri.

Picha nazo zilikuwa zinapita tangu mwendo wa kwanza. Mtumbwi wenye tanga. Soko. Wanawake wenye vibuyu vichwani, na chini yao maneno "wanawake wenye vibuyu." Kisha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu wa enzi hizo, amekanyaga kiboko aliyekufa. Huyo alipewa jina lake lote na cheo chake, maneno zaidi ya sita, mpangilio wa ukutani haukumhusu. Kiboko ndiye mwenzetu, hakuwa na jina.

Wakati huohuo wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, walikuwa wamepata upenyo kwenye turubai. Wakafuata taa ya mitambo ya picha. Ukutani kila mdudu alionekana mkubwa kama njiwa, na mpiga tarumbeta mmoja alivuta pumzi akameza wa kutosha, akakohoa nje ya noti. Nilicheka mpaka mama akanifinya. Alikuwa amekaa wima, haoni kichekesho chochote. Alikuwa anahesabu picha.

Mwendo wa pili ukaanza, ule wa polepole. Fidla peke yake. Na ndipo wakatokea, wanaume sita na marobota, kutoka sakafuni hadi karibu na dari.

Mama akanishika mkono. "Wa nne?"

"Wa nne, mama. Kutoka kushoto."

Sikuhitaji kumwonyesha. Lile paji lilikuwa pale, pana, na mfupa ulioinuka kidogo juu ya jicho la kulia, kama la mama, na kama langu ninaloliona kwenye kioo kila ninapofunga kitambaa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua wazi, mkono mmoja juu ya robota. Nilitaka kulia na nilitaka watu wasinione nikilia.

Mama akainuka. Nikadhani amebanwa na haja. Akapita mbele ya magoti ya waheshimiwa, mmoja mmoja, akatoka hadi ile nafasi tupu iliyo kati yetu na wapigaji. Akasimama mbele ya ukuta, akakusanya kitenge chake, akapiga magoti. Goti moja, akapumzika, goti la pili. Kwetu Usukumani mwanamke hamwamkii baba yake akiwa amesimama kama mlingoti. Anapiga magoti, anainamisha kichwa, anatoa salamu, na hanyanyuki mpaka aitikiwe.

"Mwadila, baba," akasema.

Ndiyo salamu yetu ya mchana. Na hakuisema kwa kunong'ona. Aliisema kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya jaruba la mpunga. Fidla zikaendelea. Kondakta akageuza shingo kidogo, kijiti hakikusimama. Mama ameinamisha kichwa, anasubiri.

Nusu dakika ikaisha. Picha ikabadilika, akatokea bibi wa Kizungu na mwavuli wake, anatembeza mbwa ufukweni. Na mama yangu bado yuko chini, magoti mbele ya mwavuli na mbwa. Nyuma yetu mtu akacheka. Halafu wawili. Kamera ikamulika. Mgeni rasmi akageuka kutafuta ni nani mwenye mzee huyu. Mwenyekiti akaja kwa kunyatia, anatabasamu, mkono mbele akiupunga chini chini, kama anavyoswagwa kuku atoke sebuleni.

Mimi mwenye hasira, mimi niliyewahi kumfukuza mkaguzi wa shule darasani kwangu, unajua nilifanya nini? Nilimwahi mwenyekiti. Nikamshika mama kiwiko, nikamwambia sikioni, "Mama, inuka. Unatuaibisha."

Akanitazama. Nikamvuta, akainuka kwa mara ya pili, ya kwanza magoti yalikataa. Tukarudi tena mbele ya magoti ya waheshimiwa, mimi nikisema samahani, samahani, samahani. Mwendo wa tatu sikuusikia hata kidogo, ingawa naambiwa ulikuwa wa kasi. Mwisho tuliruhusiwa kupiga makofi.

Kesho yake mwenyekiti akanitumia ujumbe wa furaha. Kwenye ukurasa wao wa mtandaoni wameweka picha, na watu wameipenda kupita zote. Nikafungua. Mama yangu, magotini, kilemba kimelala upande, na chini yake: "Bibi wa Kanda ya Ziwa akiguswa na muziki." Chini zaidi, mioyo myekundu na vikatuni vya kulia machozi.

Nikampigia. Nikasema naomba ile picha ya babu, ile safi yenyewe, nimchapishie mama kubwa ya ukutani. Akasema ataulizia Ulaya. Jibu likaja baada ya wiki: picha ina mwenyewe, kuitoa kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Nikauliza mwenyewe ni nani, maana ninavyojua mimi mwenyewe yumo ndani ya picha, ndiye wa nne. Akasema bado wanaangalia. Nikauliza, na hii ya mama, je, hii mwenyewe ni nani?

"Ah, Mwalimu," akasema, "hiyo ni yetu sote."

Niliichukua ile ya kwenye simu nikaipeleka studio mjini, wakaikuza walivyoweza. Ilitoka nukta tupu. Mama akaisogeza machoni, akaipapasa kwa kidole, akasema huu ni mchanga, akaikunja.

Nikamrudisha Magu mwenyewe. Tulipofika, majirani walikuwa wameshasikia, wakaja, wanawake watupu, wakajaa mkekani. Nikateleka chai. Mama alisimulia kila kitu, na mimi nilikuwa sijui kwamba alikuwa ameona yote hayo. Alisimulia ziwa lililofunikwa turubai. Alisimulia Mzungu mwenye fimbo anayetishia watu wote na hampigi hata mmoja. Aliigiza mpiga tarumbeta akikohoa wadudu, wakacheka hadi wakashikana. Kisha akafika kwa baba yake na sauti ikashuka.

"Kijana mzuri, jamani. Mdogo. Mdogo kuliko wajukuu zangu. Paji ndilo hili hili," akasema, akalishika.

Rika lake mmoja, bibi aliyecheza naye tangu utotoni, akamsogelea.

"Ukamwamkia?"

"Nilimwamkia. Kwa magoti."

"Akaitika?"

Mama alikizungusha kikombe chake mkononi. Hakuwa na hasira, na hakunitazama.

"Alikuwa ndiyo anafungua mdomo," akasema, "huyu mwanangu akaniinua."